Fairphone 5: Simu Inayofunguka kwa Kucha

Kwenye kona moja ya mfuniko wa nyuma wa simu hii pana mwanya mdogo unaotosha ukucha wa kidole gumba. Ukiuingiza hapo na kuuvuta taratibu kufuata ukingo, mfuniko unaachia hatua kwa hatua, tak, tak, tak, hadi unabaki mkononi, na mbele yako inaonekana betri ikiwa wazi, bila gundi wala skrubu. Unaiinua kwa vidole, unaweka nyingine mahali pake na kurudisha mfuniko. Kazi nzima inanichukua chini ya dakika moja, na nimewahi kuifanya nikiwa nimesimama.

Nimeanzia hapo kwa sababu simu niliyokuwa nayo kabla ya hii, ambayo sitaitaja jina, ilikufa kwa ajili ya betri tu. Ilikuwa haijatimiza miaka mitatu, kioo chake hakikuwa na mkwaruzo na kamera yake ilikuwa nzima, lakini betri ilivimba ikaanza kukisukuma kioo kutoka ndani. Fundi aliipuliza kwa hewa ya moto ili gundi ilainike, akapitisha kipande chembamba cha plastiki ukingoni, na pamoja na uangalifu wake wote kioo kikapasuka mikononi mwake. "Ndugu yangu," aliniambia akiwa bado ameishika, "hawa waliitengeneza wakijua haitafunguliwa." Sikumlaumu siku ile, wala simlaumu leo. Kifaa chenye dhahabu, bati na kobalti, kilichopita katika mikono ya wachimbaji, wayeyushaji na wafanyakazi wa kiwandani, kiliishia kuwa taka kwa sababu kipuri kimoja kinachochakaa kwa kawaida kilikuwa kimegandishwa ndani. Nilipotafuta simu nyingine niliamua kwamba safari hii nitauliza maswali ambayo sikuwahi kuyauliza.

Fairphone ni kampuni ya Uholanzi yenye makao yake Amsterdam. Ilianza mwaka 2010 kama kampeni ya kuwaeleza watu uhusiano uliopo kati ya simu zao na madini yanayochimbwa penye vita, na mwaka 2013, chini ya Bas van Abel, ikawa kampuni kamili iliyotoa simu yake ya kwanza, kwa hoja kwamba anayetaka kuibadilisha sekta lazima aingie ndani yake, anunue malighafi na kuajiri viwanda kama wengine. Fairphone 5 ilitoka Agosti 2023, na tayari ina mdogo wake, toleo la sita, lililotoka mwaka 2025. Yangu niliinunua ikiwa imetumika na mtu mwingine, na nimekaa nayo zaidi ya mwaka mmoja.

Bidhaa ikiuzwa kwa jina la haki na mazingira, huwa nayagawa madai yake katika mafungu matatu: yale ninayoweza kuyapima kwa mikono yangu, yale yaliyoandikwa mahali ambapo mtu wa nje anaweza kuyakagua, na yale ambayo sina budi kuyaamini tu. Nitaieleza simu hii kwa mpangilio huo, maana naona ndiyo njia ya pekee ya kuwatendea haki waliotutengenezea na sisi tunaonunua.

Fungu la kwanza ndilo lililonifurahisha zaidi. Simu imeundwa kwa vipande 10 vinavyoweza kubadilishwa kimoja kimoja, vikiwemo kioo, betri, kamera, spika, tundu la kuchajia na mfuniko wenyewe. Jioni moja nilikaa mezani na bisibisi ndogo ya kawaida, ile ya kichwa cha msalaba inayopatikana kwa fundi yeyote wa saa au redio, nikaifungua yote kwa makusudi, nikapanga vipande juu ya kitambaa cheupe kwa mfuatano wa kutoka kwake, kisha nikairudisha. Sijawahi kusomea ufundi. Kilichonisaidia ni kwamba hakuna sehemu iliyobandikwa kwa gundi katika njia ya mkono wangu, viunganishi vinachomoka kwa kubonyezwa na kuinuliwa, na nafasi ya kila kipande inakataa kupokea kipande kisicho chake. Tundu la kuchajia, ambalo katika simu nyingi huchakaa mapema kwa sababu ya kuchomekwa na kuchomolewa kila siku, hapa ni kipande kidogo kinachosimama peke yake, na kulibadilisha hakudai kushika kifaa cha kulehemu. Shirika la iFixit, ambalo kazi yake ni kuvifungua vifaa na kuvipa alama za urahisi wa kutengenezeka, liliipa simu hii alama 10 kati ya 10, kama lilivyozipa Fairphone 2, 3 na 4 kabla yake. Baada ya jioni ile siwezi kubishana na alama hizo.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Sehemu kubwa ya hewa ukaa inayotokana na simu huzalishwa kabla simu haijawashwa kwa mara ya kwanza: machimboni, kwenye mitambo ya kuyeyusha madini, na hasa katika utengenezaji wa chipu. Umeme tunaotumia kuichaji ni sehemu ndogo ya hesabu. Kwa hiyo mtumiaji anayetaka kupunguza madhara ya simu yake ana kazi moja iliyo kubwa kuliko nyingine zote, nayo ni kuitumia miaka mingi. Tathmini ya taasisi ya Fraunhofer IZM ya Ujerumani kuhusu simu iliyotangulia hii, Fairphone 4, ilionyesha kwamba kuitumia miaka mitano badala ya mitatu hupunguza madhara yake ya kila mwaka kwa tabianchi kwa karibu theluthi moja. Tukikumbuka kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na kwamba asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo, betri inayotoka kwa ukucha inaacha kuwa kijambo cha kuwavutia wapenda vifaa.

Hata hivyo, simu haifi kwa kuvunjika tu. Nyingi hufa zikiwa nzima, kwa sababu mtengenezaji ameacha kuzipelekea masasisho ya usalama, kisha programu za benki na za mawasiliano zikaanza kuzikataa moja baada ya nyingine. Hapa tunaingia fungu la pili, la mambo yaliyoandikwa. Fairphone imeahidi kuihudumia Fairphone 5 kwa masasisho hadi mwaka 2031, yaani miaka minane tangu ilipotoka, na ili ahadi hiyo iwezekane ilichagua chipu ya Qualcomm iitwayo QCM6490, iliyokusudiwa vifaa vya viwandani, ambavyo hudumu kazini muda mrefu na hivyo chipu zake huhudumiwa na mtengenezaji kwa miaka mingi kuliko chipu za simu za kawaida. Gharama ya uamuzi huo inaonekana wazi: hata siku simu ilipotoka, chipu hiyo haikuwa miongoni mwa zenye kasi kubwa sokoni. Anayecheza michezo mizito ya simu atalihisi jambo hilo. Mimi ninayesoma, kuandika, kupiga picha za kawaida na kufuata ramani sijawahi kuona kasi yake ikinikwamisha.

Je, ahadi ya miaka minane inaaminika? Rekodi ya kampuni ina pande mbili, na yafaa zote zisemwe. Simu ya kwanza ya mwaka 2013 haikufika mbali; mwaka 2017 kampuni ilitangaza kwamba haiwezi tena kuendelea kuitafutia vipuri. Lakini Fairphone 2, iliyotoka mwaka 2015, iliendelea kupata masasisho hadi mwaka 2023, muda mrefu baada ya mtengenezaji wa chipu yake kuacha kuihudumia, maana mafundi wa kampuni waliifanya kazi hiyo wenyewe. Kwangu mimi rekodi hiyo ina thamani kuliko tangazo lolote, kwa sababu inaonyesha kampuni iliyoshindwa mara moja, ikabadili namna ya kuunda simu zake, na mara ya pili ikatimiza.

Sasa nije kwenye madini, ambapo msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kusoma kwa makini kuliko msomaji mwingine yeyote. Takriban asilimia 70 ya kobalti yote duniani inachimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kusini, kuzunguka miji kama Kolwezi. Bati na koltani, inayotoa metali ya tantali, zinachimbwa mashariki mwa nchi hiyo hiyo, katika Kivu zote mbili na kaskazini mwa Katanga ya zamani. Kote huko Kiswahili kinazungumzwa. Wanaoshuka shimoni na sururu wanaitana, wanaonyana na kupatana bei kwa lugha ninayoitumia kuandika maneno haya, na simu zetu zote, za kampuni zote, zina kitu kilichopita mikononi mwa watu kama hao. UNICEF ilikadiria mwaka 2014 kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo, wengi wao kwenye kobalti, na ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2016 ilifuata kobalti hiyo kutoka kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo hadi kwenye betri za kampuni zinazojulikana dunia nzima.

Ziko njia mbili za kulijibu tatizo hili, na mnunuzi mwenye nia njema kwa kawaida huvutiwa na ile isiyo sahihi. Marekani ilipitisha mwaka 2010 sheria inayozitaka kampuni zilizoorodheshwa kwenye masoko yake ya hisa zieleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu zinazotumia zinatoka Kongo au nchi jirani. Kampuni nyingi ziliona ni rahisi zaidi kuacha kabisa kununua huko, zikaweza kusema kwamba mikono yao ni safi, huku wachimbaji ambao hawakuwa na uhusiano wowote na kundi la waasi wakibaki bila mnunuzi au wakiuza kwa bei ya kutupa. Fairphone ilichagua kubaki. Kwa simu yake ya kwanza ilinunua bati kutoka mgodi wa Kalimbi, Kivu Kusini, kupitia mpango ulioanza mwaka 2012, ambapo magunia yalifungwa na kutiwa lebo zenye namba machimboni ili yafuatiliwe hadi kwenye mtambo wa kuyeyushia. Na ilinunua tantali kutoka Katanga kupitia mpango wa Solutions for Hope. Mwaka 2016 dhahabu yenye cheti cha Fairtrade iliingia katika mnyororo wake wa ugavi. Mwaka 2020 ikawa miongoni mwa waanzilishi wa Fair Cobalt Alliance, muungano unaofanya kazi na wachimbaji wadogo wa eneo la Kolwezi, ukiwemo mgodi wa Kamilombe, kuhusu usalama wa mashimo, vifaa vya kujikinga na kuwaondoa watoto machimboni. Kampuni inasema kwamba imechagua malighafi 14 za kushughulikia kwanza, na kwamba katika Fairphone 5 zaidi ya asilimia 70 ya malighafi hizo zimepatikana kwa njia ya haki au zimerejelezwa.

Hapa ndipo mikono yangu haina la kupima, na ni lazima niseme hivyo waziwazi. Siwezi kuufungua mfuniko nikaiona Kamilombe. Zaidi ya hapo, madini ya migodi mingi huchanganywa katika tanuri moja, na baada ya hapo hakuna mtu awezaye kusema chembe hii imetoka shimo lile. Ndiyo maana kwa baadhi ya malighafi kampuni hutumia utaratibu wa kulipia: inachangia uboreshaji wa uchimbaji kwa kiasi kinacholingana na kile ilichotumia, hata kama chembe zilizomo ndani ya simu yako zimetoka kwingine. Wako wanaouita utaratibu huu ujanja. Mimi sioni hivyo, alimradi umeelezwa bila kufichwa, kwa sababu mchimbaji hanufaiki na safari ya chembe yake. Ananufaika na ngazi imara, kofia ngumu na bei inayoeleweka pale alipo.

Lebo nazo zina mipaka yake. Mwaka 2024 waasi wa M23 waliuteka mji wa Rubaya, Kivu Kaskazini, wenye moja ya machimbo makubwa zaidi ya koltani duniani, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaripoti kwamba madini ya huko yalikuwa yakivushwa mpaka na kuchanganywa na yale ya Rwanda. Mgodi ulio salama mwaka huu waweza kuwa chanzo cha fedha za bunduki mwaka ujao, na cheti hakisogei kwa kasi ya jeshi. Ninaiamini Fairphone zaidi kwa sababu kampuni yenyewe imekiri mara nyingi kwamba simu yenye haki kwa asilimia mia haipo, hata hii yake. Muuzaji anayeniambia kazi yake imekamilika ndiye ninayemkwepa.

Niseme kwa ufupi kuhusu kiwandani. Simu inaunganishwa China, na kampuni huwalipa wafanyakazi wa kiwanda nyongeza ya kuziba sehemu ya pengo kati ya mshahara wanaopata na ule unaotosha kuishi. Kampuni pia ina cheti cha B Corp, kinachotolewa na shirika la B Lab la Marekani, lakini mnunuzi akumbuke kwamba cheti hicho hupima mwenendo wa kampuni nzima na hakisemi lolote kuhusu simu fulani uliyoishika.

Kasoro zipo, na moja inaniuma kwa sababu inagongana na msimamo wa kampuni yenyewe. Fairphone 3 ilikuwa na tundu la visikizio vya waya; Fairphone 4 ya mwaka 2021 ililiondoa, na hii ya tano haikulirudisha. Mwaka ule ule wa 2021 kampuni ilianza kuuza visikizio visivyo na waya ambavyo betri zake hazikubadilishika. Visikizio vya waya vinaweza kudumu miaka kumi bila kuhitaji betri hata moja, kwa hiyo kuliondoa tundu lake ni kuwasukuma watu kwenye kifaa kinachochakaa haraka. Mwaka 2024 kampuni ilitoa Fairbuds, ambazo betri zake ndogo hubadilishwa na mtumiaji, na huo ni urekebishaji wa kweli wa kosa lile, ingawa tundu lingekuwa bora zaidi. Kamera inatosha mchana na inafifia gizani ukiilinganisha na simu za daraja la juu. Uzito wa gramu 212 unahisika mfukoni. Uwezo wake wa kuvumilia maji ni wa kiwango cha IP55, yaani itastahimili manyunyu na mvua, lakini isitumbukizwe. Ndiyo gharama ya mfuniko unaofunguka, nami ninailipa kwa hiari.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba simu hii inauzwa hasa Ulaya. Anayeishi nje ya huko lazima ahakikishe mambo matatu kabla ya kuinunua: kama masafa ya mtandao wake wa simu yanapokelewa na kifaa hiki, ni nani atakayemletea vipuri, na kama dhamana ya miaka mitano, ambayo ni ndefu kupita kawaida ya soko, itamfikia alipo. Urahisi wa kubadilisha kipuri hauna faida kwa mtu ambaye kipuri hakimfikii. Kwa hali hiyo huenda simu ya kampuni nyingine, ambayo fundi wa karibu anaijua na vipuri vyake vimejaa, ikadumu zaidi mikononi mwake, na basi hiyo ndiyo itakuwa chaguo la haki zaidi kwake.

Kama simu uliyonayo bado inafanya kazi, sikushauri uiache ununue hii. Ibadilishie betri, itengeneze kioo, na uitumie hadi masasisho yake yaishe, kwa sababu hakuna simu mpya, hata yenye madini ya haki, inayoshinda ile ambayo haikulazimika kutengenezwa. Ikifika siku ya kununua nyingine, uliza maswali ambayo Fairphone imethibitisha kwamba yanajibika: betri inatokaje, vipuri vitapatikana kwa miaka mingapi, masasisho yataisha lini, kobalti yenu inatoka wapi. Maswali ya namna hii yameanza kuingia hata katika sheria. Tangu tarehe 20 Juni 2025 Umoja wa Ulaya unazitaka kampuni zote zinazouza simu huko zitoe masasisho kwa miaka isiyopungua mitano na vipuri kwa miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa, na kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vingi zitatakiwa ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Kampuni ndogo ya Amsterdam ilikuwa imekwisha kuonyesha, tangu mwaka 2015, kwamba hayo yanawezekana bila simu kuwa tofali.

Yangu naipa alama tisa kati ya kumi. Ile moja nimeizuia kwa ajili ya tundu la visikizio. Nimenunua betri ya akiba na kuihifadhi kabatini ikiwa na nusu ya chaji, kama inavyotakiwa kwa betri za lithiamu, na juu ya karatasi iliyoifunga nimeandika kwa kalamu tarehe niliyoiweka. Sijaihitaji bado.